Karanga, Korosho na Afya ya Utumbo

Kituo chochote cha daladala Dar es Salaam kina muuza karanga wake. Hupita kati ya magari akichezesha sarafu kiganjani ili abiria wamsikie kabla hajafika dirishani, na kwenye sinia amepanga karanga za kukaanga, korosho, pengine na ubuyu kwa ajili ya watoto. Mombasa na Nairobi biashara ni ileile, ila huko wengi wataziita njugu. Mnunuzi hana maswali mengi. Anatoa hela, anamimina karanga kiganjani, anazifikicha, anapuliza maganda mekundu yapeperuke, anatafuna.

Kuhusu kinachotokea baada ya hapo, watu wanasema mengi yanayogongana. Wapo wanaoshikilia kwamba karanga zinachubua utumbo na kuleta vidonda vya tumbo. Wapo wanaoamini zinaongeza nguvu za kiume, dai ambalo wauzaji hawana haraka ya kulikanusha. Na siku hizi simu zinazunguka na ujumbe kwamba korosho kadhaa kila asubuhi "zinasafisha utumbo" na kumaliza maradhi.

Utafiti wa miaka ya karibuni hauko upande wa yeyote kati yao. Unaonyesha jambo la wastani zaidi, lakini lenye faida: karanga, korosho, lozi na jamaa zake ni chakula cha bakteria wema wanaoishi katika utumbo mpana, na mtu anayezila mara kwa mara badala ya biskuti na vitafunwa vya kukaanga huenda akapunguza mchochota mwilini. Si dawa. Tena si kila karanga iliyoko sokoni inafaa kuingia mdomoni, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Kinachofika utumbo mpana

Kwa wataalamu wa mimea, karanga ni ndugu wa kunde na maharage. Asili yake ni Amerika ya Kusini na tunda lake hukomaa chini ya udongo. Korosho, lozi, makadamia na jozi hutoka mitini. Utumbo haujali sana nasaba hizo. Zote zina mafuta mengi ya aina isiyoganda, protini, madini ya magnesi na nyuzinyuzi, ingawa kwa viwango vinavyopishana. Gramu 100 za lozi zina nyuzinyuzi gramu 12 hivi. Karanga na makadamia zina kama gramu 8. Korosho, pamoja na utamu na bei yake, ina gramu 3 na ushei tu. Watu wa Mtwara na Lindi wanaoilima wasinune: korosho ina sifa nyingine, lakini kwa nyuzinyuzi karanga ya kawaida inaipita mbali.

Nyuzinyuzi haimeng'enywi na tumbo wala utumbo mwembamba. Hupita ilivyo mpaka utumbo mpana, na huko inakuta bakteria kwa matrilioni ambao kazi yao ni kuichachusha. Katika kuchachusha hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, hasa asetati, propionati na butirati. Ya mwisho ndiyo ya kukumbukwa, kwa sababu butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Seli zikipata chakula chake hukaa zimebanana, na ute unaozifunika unabaki mzito. Vipande vya bakteria havipenyi ovyo kuingia kwenye damu na kuamsha kinga ya mwili bila sababu. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonyesha upande wa pili: panya wakinyimwa nyuzinyuzi, baadhi ya bakteria hugeukia ute wenyewe na kuanza kuula.

Nyuzinyuzi si mzigo pekee unaofika huko chini. Mafuta ya lozi au karanga yamefungiwa ndani ya kuta ngumu za seli, na meno hayavunji kuta zote. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima nishati ambayo mwili hasa unaipata kutoka kwenye gramu 28 za lozi nzima. Wakapata kalori 129, si 170 kama majedwali yalivyokuwa yakisema. Zilizobaki zilipita zimo ndani ya vipande visivyosagika, na sehemu yake ikawa riziki ya bakteria. Ndiyo maana anayekula karanga nzima kwa kiasi haelekei kunenepa kwa kadiri ambayo hesabu ya mafuta yake ingetabiri. Siagi ya karanga, kwa kuwa imesagwa laini, huachia mafuta yake kirahisi zaidi.

Kisha kuna yale maganda mekundu yanayopulizwa. Ganda la karanga, kama lile la kahawia la lozi, limejaa polifenoli, kemikali za mimea ambazo nyingi hazifyonzwi juu bali husubiri bakteria wa chini wazivunje. Za kwenye jozi hugeuzwa kuwa urolithini, kemikali ambayo maabara nyingi sasa zinaichunguza kwa uwezo wake wa kutuliza mchochota, ingawa si kila mtu ana bakteria wa kufanya kazi hiyo. Basi anayepuliza maganda kwenye daladala anapeperusha sehemu ya alicholipia.

Majaribio, na nani aliyeyalipia

Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwalisha watu wazima 18 wenye afya gramu 42 za jozi kila siku kwa wiki 3, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Bakteria wa jamii za Faecalibacterium na Roseburia, ambao ni wazalishaji mashuhuri wa butirati, waliongezeka. Asidi za nyongo za aina inayoweza kudhuru ukuta wa utumbo zilipungua. Miaka minne baadaye King's College London ilichapisha jaribio la watu 87 waliokuwa na mazoea ya kula nyuzinyuzi kidogo. Waliopewa gramu 56 za lozi kwa siku kwa wiki 4 walikuwa na butirati nyingi kuliko wenzao waliopewa keki ndogo zenye kalori zilezile. Waliokula lozi nzima walipata choo mara moja na nusu zaidi kwa wiki. Lakini idadi ya bifidobakteria, kundi ambalo watafiti walilitazamia lipande, haikubadilika.

Msomaji makini atauliza fedha zilitoka wapi, na ana haki. Utafiti wa jozi ulisaidiwa na tume ya wakulima wa jozi wa California, na ule wa lozi na bodi ya lozi ya jimbo hilohilo. Hilo halifanyi vipimo kuwa vya uongo. Linaeleza tu kwa nini jozi na lozi zimepimwa mara nyingi hivyo huku karanga na korosho, zinazolimwa na mamilioni ya Waafrika, zikipimwa mara chache. Kuhusu korosho, jaribio linalotajwa sana lilifanyika Chennai, India, kwa watu 300 wenye kisukari cha aina ya pili waliokula gramu 30 kwa siku kwa wiki 12: shinikizo la damu lilishuka kidogo na lehemu nzuri ikapanda, uzito haukuongezeka. Hayo ni mambo ya mishipa ya damu. Utumbo haukuwa shabaha yake.

Ushahidi wa karanga unaosisimua zaidi umetoka Dhaka, Bangladesh, mbali na makampuni ya vitafunwa. Katika mtaa wa mabanda wa Mirpur, timu ya Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis pamoja na kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Dhaka ilikuwa imegundua kwamba watoto wenye utapiamlo wana bakteria wa utumbo "wachanga", yaani wasiolingana na umri wao. Watoto hao wakilishwa hushiba, lakini ukuaji unasuasua kwa kuwa utumbo haujakomaa. Watafiti wakatafuta vyakula vya kawaida vinavyowapa nguvu bakteria waliokosekana. Mchanganyiko ulioshinda ulikuwa na unga wa dengu, unga wa soya, ndizi mbichi na unga wa karanga.

Mwaka 2021 walitangaza matokeo ya watoto 118 wa miezi 12 hadi 18 waliomaliza miezi 3 ya majaribio. Nusu walikula mchanganyiko huo, nusu chakula cha lishe kilichozoeleka chenye kalori nyingi zaidi. Waliokula karanga, dengu, soya na ndizi waliongezeka uzito kwa kasi kubwa kuliko wenzao, japo walipata kalori chache. Katika damu yao, protini zinazohusiana na ukuaji wa mifupa na ubongo zilipanda, na zile za mchochota zikashuka. Hakuna awezaye kusema ni karanga peke yake iliyofanya kazi. Ilikuwa na wenzake watatu sufuriani. Hata hivyo mama yeyote wa Singida au Tabora anayetia karanga za kusaga kwenye uji wa mtoto hatashangazwa na orodha hiyo.

Mchochota usio na homa

Mtu akijikata kidole, mahali hapo panapata joto, panakuwa pekundu, panavimba na kuuma. Huo ni mchochota, na ni kinga ya mwili ikitimiza wajibu wake. Tatizo ni ule wa kiwango cha chini unaodumu miaka bila jeraha wala homa. Mgonjwa hausikii. Maabara huuona kwa protini kama CRP katika damu, na umehusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Mwaka 2016 watafiti wa Boston walichambua damu ya watu 5,013 walio katika tafiti mbili kubwa za wahudumu wa afya wa Marekani. Waliokula karanga na jamii yake mara 5 au zaidi kwa wiki walikuwa na CRP ya chini kwa asilimia 20 kuliko wasiozigusa. Takwimu ya namna hiyo lazima ishikwe kwa tahadhari, kwani mla lozi wa Boston mara nyingi ndiye pia mwenye bima, muda wa mazoezi na asiyevuta sigara. Majaribio ya kuwagawia watu karanga kwa kura yana sauti ya chini zaidi: mengi ya muda mfupi hayaoni CRP ikisogea. Lile refu kuliko mengi, lililofanywa Barcelona na Loma Linda kwa wazee 634 waliokula jozi kwa miaka 2, liliona viashiria 6 kati ya 10 vya mchochota vikishuka. Kwa hiyo faida ipo, ni ndogo, na inahitaji subira.

Sahani nzima ina nguvu kuliko kitafunwa kimoja, na ushahidi wa hilo uko Moshi. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, Quirijn de Mast na Godfrey Temba wakiwa miongoni mwao, uliowahusisha wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Wa vijijini waliopelekwa kwenye chakula cha kizungu cha kusindikwa na kukaangwa kwa wiki 2 tu viashiria vyao vya mchochota vilipanda, na seli zao za kinga zikawa goigoi mbele ya vijidudu. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili chenye mboga za majani, kunde na nafaka zisizokobolewa walielekea upande wa pili. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Karanga hazikupimwa peke yake hapo. Kilichopimwa ni aina ya mlo ambao karanga ni mwanachama wake wa siku nyingi.

Wazo kwamba mlo wa namna hiyo hulinda mwili lina mizizi Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Lira na kisha Mulago, Kampala, pamoja na Hugh Trowell aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, ndio walioshawishi dunia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa haba Uganda vijijini kwa sababu ya nyuzinyuzi katika chakula. Walidharauliwa kidogo kwa kushughulika na kupima uzito wa vinyesi vya watu, kisha wakasikilizwa.

Kiasi, na mahali pake mezani

Kiasi kinachotumika katika tafiti nyingi ni gramu 30 kwa siku, sawa na kiganja kimoja cha mtu mzima kilichojaa bila kurundika. Kiganja hicho cha karanga kinatoa nyuzinyuzi kama gramu 2 na nusu, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25. Hesabu iko wazi: zilizobaki zitoke kwenye maharage, dona, mihogo, mboga na matunda. Anayekula sembe nyeupe mchana na usiku kisha akategemea karanga zimwokoe anajidanganya.

Mapishi ya nyumbani yalikwishajua njia. Kisamvu cha karanga, mchicha wa karanga, mlenda uliotiwa karanga za kutwanga: hapo nyuzinyuzi za majani na za karanga huingia pamoja. Mafuta ya karanga ni habari nyingine, kwa kuwa nyuzinyuzi hubaki kwenye mashudu. Waingereza walipofyeka mapori ya Kongwa, Nachingwea na Urambo kati ya 1947 na 1951 katika mradi wao wa karanga ulioanguka kwa kishindo, walichokuwa wakitafuta ni mafuta ya kutengenezea majarini. Kashata nayo ni tamu na haina ubaya siku ya sikukuu, lakini sukari yake haiwezi kuhesabiwa kuwa chakula cha utumbo. Karanga zilizotiwa chumvi nyingi zapasa kuepukwa, hasa na mwenye shinikizo la damu.

Wanaohitaji kujihadhari

Kwanza tuwaondoe kwenye orodha wale walioambiwa utumbo wao una vifuko na kwamba punje zitakwama humo. Ushauri huo ulitolewa na madaktari kwa miongo mingi bila kupimwa. Mwaka 2008 jarida la JAMA lilitoa matokeo ya wanaume 47,228 waliofuatiliwa miaka 18: waliokula karanga na jamii yake kwa wingi hawakuzidi wengine kwa kupata mchochota wa vifuko hivyo, walikuwa pungufu.

Wenye utumbo mwepesi kukasirika, ambao hujaa gesi na kuumwa tumbo mara kwa mara, wana sababu halali ya kulalamikia korosho na pistachio. Zote mbili zina sukari za aina inayochachuka haraka. Wengi wao huvumilia karanga au makadamia vizuri zaidi. Na asiyezoea nyuzinyuzi aanze na nusu kiganja. Bakteria nao huhitaji siku kadhaa kujipanga.

Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, kwani hupaliwa nazo. Apewe zilizosagwa laini ndani ya uji. Mtu ambaye midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka au pumzi inabana baada ya kula karanga ana mzio, na anapaswa kupelekwa hospitali papo hapo bila kungoja hali ipungue.

Sumukuvu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilikutwa kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil, nayo yalikuwa na sumu ya kuvu ambayo leo Tanzania inaitwa sumukuvu. Kuvu hao, Aspergillus flavus na wenzake, hupenda karanga na mahindi yaliyopata ukame shambani au unyevu ghalani. Kenya ilizika watu 125 mwaka 2004 kutokana na mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 sumu hiyo ikaua watu Dodoma na Manyara. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi ghafla, bali anajiongezea hatari ya saratani ya ini, zaidi akiwa na virusi vya homa ya ini B. Hakuna bakteria mwema wa utumbo anayeweza kufidia hilo.

Kukaanga kunapunguza sumu kwa sehemu tu, hakuimalizi. Kinachosaidia hasa ni macho na mikono. Karanga zikaushwe juu ya turubai, si kwenye udongo, mpaka zilie ndani ya ganda zikitikiswa. Zisiloweshwe maji ili kurahisisha kubangua, desturi ambayo bado ipo vijijini na inayokaribisha kuvu moja kwa moja. Kabla ya kukaanga, zimwagwe kwenye ungo na kuchambuliwa: iliyosinyaa, iliyopasuka, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yote itolewe. Inayokuwa chungu mdomoni itemwe.

Karanga mbaya hufichika kirahisi zikisagwa. Januari 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumukuvu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mwenye nafasi anunue karanga nzima, azichambue mwenyewe, kisha asage. Anayenunua siagi ya dukani atafute alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na tarehe ya kutengenezwa.

Zilizochambuliwa na kutupwa zisipewe ng'ombe wa maziwa wala kuku. Sumukuvu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto aliyekusudiwa kulindwa. Zifukiwe.